Karai la Mackinnon Road

Ukitoka kisiwani Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi, kabla hujafika Voi utapita Mackinnon Road. Kando ya reli pana msikiti, na hapo ndipo lilipo kaburi la Seyyid Baghali. Wasafiri hushuka, wakaomba dua, safari ikaendelea. Husimuliwa kuwa marehemu alikuwa Mpunjabi, mnyapara katika ujenzi wa reli, na kwamba karai alilobeba lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa.

Anayetaka asiamini. Ila neno lenyewe, karai, ni la Bara Hindi. Tumelipokea pamoja na chapati, wala hakuna anayekumbuka kulirudisha.

Punjab maana yake ni maji matano: mito ya Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej, inayonywesha nchi tambarare ya ngano. Kazi ya reli ilipoanza Mombasa mwaka 1896, Waingereza walileta kutoka Bara Hindi wafanyakazi karibu 32,000, wengi wao Wapunjabi: waashi, maseremala, wahunzi, wachimbaji. Mkataba ulikuwa wa miaka 3, mshahara rupia 15 kwa mwezi na posho ya chakula. Karibu 2,500 walifia kazini. Simba wa Tsavo wametungiwa vitabu na filamu. Malaria na kuhara, vilivyoua wengi kuliko simba, havikutungiwa kitu.

Reli ilifika Ziwa Victoria Desemba 1901. Wengi walirudi kwao, kama 6,700 wakabaki. Mji wa Kale wa Mombasa ulikuwa umezoea Mabohora na Mabaniani wenye maduka; hawa walikuwa watu wa nyundo na moto. Wenye vilemba tukawaita Makalasinga, waliosalia tukawatia wote katika kapu moja la "Wahindi", ingawa miongoni mwao walikuwamo Waislamu na Mabaniani wenye lugha moja.

Mwaka 1947 Punjab ilikatwa vipande viwili. Lahore ikawa Pakistan, Amritsar ikabaki India, na mtu aliyekuwa huku akajikuta kwao kumehamia nchi nyingine. Mmoja wa Wapunjabi ambao kwao kulihama hivyo alikuwa Makhan Singh, mtoto wa seremala wa reli, aliyeletwa Kenya mwaka 1927. Mwaka 1950 alidai uhuru hadharani jijini Nairobi, akawekwa kizuizini hadi 1961. Alifariki mwaka 1973, Mkenya. Wilaya ya Gujranwala alikozaliwa iko Pakistan.