Chumvi, Theluji na Nzururu: Njia za Wawindaji katika Mlima Ruwenzori

Tarehe 24 Mei 1888 Stanley alikuwa safarini karibu na ufuko wa kusini-magharibi wa Ziwa Albert, chini ya nyanda za juu ambako baadaye ulikua mji wa Bunia. Mvulana mmoja, ambaye kitabu cha Stanley hakimtaji kwa jina, alimwonyesha mlima uliosemekana kufunikwa na chumvi. Stanley aliona kwanza kama wingu la rangi ya fedha, kisha akatambua kuwa ni theluji. Wenziwe Parke na Jephson walikwisha kuuona mlima huohuo mwezi mmoja kabla, lakini sifa za ugunduzi hazikuwafikia wao, sembuse yule mvulana.

Neno “chumvi” halistahili kuchekwa. Mtu wa tambarare atafutaye jina la kitu cheupe king'aacho juu ya mwamba huchukua lile alilo nalo, na chumvi ya Kibiro na ya Katwe ilikuwa bidhaa mashuhuri katika nchi hizo. Kiswahili chenyewe kililazimika kuazima “theluji” kutoka Kiarabu. Waliokuwa na neno lao ni Wakonzo, ambao jamaa zao wa upande wa Kongo huitwa Wanande: husema nzururu, na mlima wakauita Rwenzururu, yaani mahali pa theluji. Jina mahususi kama hilo ni ushahidi wa mazoea.

Mazoea hayo yalikuwa ya kazi. Wawindaji walipanda kupita mashamba, kisha mianzi, hadi kwenye malobelia makubwa, wakitafuta pimbi. Nyama yake ililiwa na ngozi yake ilishonwa vazi la kukinga baridi. Usiku walilala chini ya miamba iliyojitokeza kama paa. Theluji yenyewe iliaminiwa kuwa makao ya Kitasamba, na mtu hakuwa na shughuli huko. Kupanda hadi kileleni kwa ajili ya kilele tu lilikuwa wazo geni.

Wageni walioleta wazo hilo hawakufungua njia, walizifuata. Mwaka 1889 Stairs, akiwa na Wazanzibari wa msafara wa Stanley, alifika zaidi ya mita 3,200. Mwaka 1891 Stuhlmann alipanda bonde la Butahu, upande wa Kongo, hadi karibu mita 4,000. Juni 1906 Mtawala wa Abruzzi, akipitia Uganda, alifika kilele cha juu kabisa, mita 5,109. Vilele viwili vikubwa vilipewa majina ya malkia, Margherita wa Italia na Alexandra wa Uingereza. Wakonzo waliobeba mizigo hadi kwenye baridi kali waliingia katika historia kama idadi ya wapagazi tu.

Mapatano ya mwaka 1910 yaliufanya mlima kuwa mpaka, na mstari wake hupita juu ya Margherita. Lakini mstari juu ya theluji haukumzuia mwindaji kama ilivyomzuia hifadhi. Parc Albert ilianzishwa mwaka 1925, na kufikia 1935 miteremko ya juu ya magharibi ilikuwa ndani yake. Haiwezi kukanushwa kwamba misitu ilinusurika kwa sababu hiyo. Hata hivyo, mwenye njia aligeuka jangili juu ya njia yake mwenyewe, huku mgeni akiongozwa kutoka Mutwanga hadi vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo. Mkonzo au Mnande aliruhusiwa kurudi akiwa amebeba mzigo wa mwingine. Upande wa Uganda hifadhi ilikuja mwaka 1991. Huko neno nzururu lilikuwa limekwisha kuingia katika siasa tangu 1962, Isaya Mukirane alipoongoza harakati za Rwenzururu za kujitenga na Toro.

Vita vilivyoikumba Kongo ya mashariki tangu mwaka 1996 viliwapunguza wageni, na waasi walijificha katika miteremko hiyohiyo. Barafu nayo imepungua: mwaka 1906 ilienea zaidi ya kilomita 6 za mraba, mwaka 2003 ilikuwa chini ya 1. Kazi ya msamiati ndiyo isiyoweza kungoja. Majina ya mapango, ya vivuko na ya aina za ukungu yamo vinywani mwa wawindaji wazee wa Kikonzo na Kinande, na wengi wao hawana warithi wa kazi hiyo.