Nani Atauona Mkono wa Muhuru?

Omena huanikwa juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, na adui yake mkubwa baada ya mvua ni ndege. Ndiyo maana ukipita Muhuru Bay asubuhi, jua likishapanda, utakuta watoto wamesimama kando ya nyavu na rundo dogo la mawe miguuni. Mwaka juzi nilikaa pale siku tatu. Kulikuwa na kijana mmoja wa kidato cha tatu, amefunga shule, analinda omena wa mama yake. Yangeyange akatua upande ule mwingine, hatua kama hamsini hivi. Kijana hakukimbia wala kupiga kelele. Aliokota jiwe, akarudisha mguu mmoja nyuma, akalirusha. Lilipita juu kidogo ya kichwa cha ndege, na ndege akaondoka zake. Kijana akaketi tena. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu kule hiyo ni kazi kama kuchota maji.

Mimi ni mmoja wa wale Wakenya wachache wanaokesha na besiboli kwenye simu (tuvumilieni, kila mtu na ugonjwa wake), kwa hiyo nilijiuliza: mkono huu ungezaliwa Texas, si kungekuwa na mtu amesimama nyuma yake na kifaa cha rada? Kule, kijana wa sekondari anayetaka kuchukuliwa na chuo anajua njia. Kocha wake wa shule anaandikia makocha wa vyuo. Video inatumwa. Likizo anaenda kwenye kambi ambako makocha hao wamekaa na daftari. Wanapima kasi ya mpira, na mtupaji anayefikisha maili 90 kwa saa, yaani karibu kilomita 145, hahitaji kujitambulisha mara mbili. Wanapima anakimbiaje yadi 60. Halafu, na hapa ndipo wengi hukwama, wanaomba alama zake za darasani.

Swali langu si la kipuuzi kama linavyosikika. Watu wa ziwa hili wamewahi kuonekana na vyuo vya Marekani, tena kwa wingi, na mchezaji wa besiboli alikuwa na mkono wake humo.

Ukifuata ufuo kwenda kaskazini, ukapita Sori, ukafika Mbita, utavuka hadi Rusinga, kwao Tom Mboya. Alizaliwa 1930 Kilimambogo, kwenye mashamba ya mkonge, lakini kaburi lake liko Rusinga na wenyeji hawatakuruhusu usahau. Aprili 1959, akiwa na miaka 28, Mboya alizunguka Marekani akihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi. Aliomba nafasi za masomo. Serikali ya mkoloni haikupendezwa hata kidogo. Kwake elimu ya juu ilikuwa Makerere au Uingereza, na nafasi zenyewe za kuhesabu kwa vidole. Vyuo vya Marekani vikakubali. Tatizo likawa nauli.

Basi ikaandikwa barua ya kuchangisha, na waliotia saini walikuwa watatu: Harry Belafonte mwimbaji, Sidney Poitier mwigizaji, na Jackie Robinson. Robinson ndiye aliyevunja ukuta wa rangi katika ligi kuu ya besiboli mwaka 1947, akivalia jezi ya Brooklyn Dodgers. Kufikia 1959 alikuwa ameshastaafu, lakini jina lake bado lilifungua pochi za watu. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ilitua New York na wanafunzi 81. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na Wangari Maathai akawa kwenye kundi la mwaka huo, akapelekwa Kansas. Ilipofika 1963, karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepita njia hiyo.

Hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya ndege. Kwangu mimi ni hadithi ya barua. Kabla ya kufikiria kupanda ndege ulihitaji chuo kilichokukubali, na chuo hakikukubali mtu kisichomjua. Mtazame Barack Obama baba, mzaliwa wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, Homa Bay hiyohiyo. Hakuwa kwenye ndege ile ya kwanza. Maseno hakumaliza. Kwenye karatasi hakuwa mtu wa kuchaguliwa na yeyote. Lakini alifanya kazi Nairobi kwa Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuwa akiendesha mafunzo ya kusoma na kuandika kwa watu wazima, na mama huyo alimsaidia kumalizia masomo kwa posta na kuandikia vyuo, kimoja baada ya kingine. Chuo Kikuu cha Hawaii kikamjibu. Mwaka huo wa 1959 akaenda. Akili alikuwa nayo kabla ya kukutana na Mooney. Alichokosa ni mtu anayejua barua inaandikiwa nani, na inaanza vipi.

Nyuma ya wanafunzi wa vitabu wakafuata wa miguu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Robert Ouko wa Kisii na Julius Sang walikuwa wanafunzi wa chuo cha Weusi kule Durham, jimbo la North Carolina, chini ya kocha LeRoy Walker, ambaye pia aliwahi kufanya kazi na timu ya Kenya. Mwaka 1972 mjini Munich, Ouko na Sang, pamoja na Charles Asati na Hezahiah Nyamau, walichukua dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne. Shikilia jina hilo la Durham, tutalirudia. Kisha ikaja zamu ya Chuo Kikuu cha Washington State na kocha wake John Chaplin. Samson Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977 akiwa mwanafunzi pale. Mwaka uliofuata, mwenzake Henry Rono akavunja nne: mita 5,000, kuruka viunzi na maji, 10,000 na 3,000, kati ya Aprili 8 na Juni 27. Siku themanini na moja. Huyo ni mwanafunzi wa chuo, mwenye mitihani.

Je, makocha hawa walipanda milima ya Nandi kutafuta watoto? Kwa kawaida hapana. Mkenya aliyetangulia alimtajia kocha jina la mwenzake. Mmishonari mwalimu aliandika barua. Na barua yenyewe haikuhitaji ufasaha, ilihitaji namba. Hapa ndipo riadha inaachana na besiboli, na sijaona watu wakilisema vya kutosha. Muda wa saa unasafiri. Ukikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 42 Kapsabet, kocha wa Marekani anaisoma namba hiyo na kukuona, ingawa hajui Kapsabet iko wapi. Lakini jiwe la Muhuru utaliandikaje kwenye barua? "Anatupa vizuri sana, bwana kocha"? Mtupaji hupimwa mbele ya mwenye gongo anayetaka kumuaibisha, na mtu wa tatu ameketi akitazama. Pasipo ligi hakuna mwenye gongo, na pasipo mwenye gongo huyo wa tatu haji. Kwa hiyo Bonde la Ufa na Kisii wakapata mnyororo wao wa kuonekana, mtu akimvuta mtu, na ufuo wetu wa kusini ukabaki kutazama. Si kwamba mikono haikuwepo.

Mnyororo wenyewe haukuwa salama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, kilikuwa kimekaza kamba: miaka uliyoshindana baada ya kutimiza 20 ilikatwa kwenye muda wako wa kuchezea chuo. Kwa Mkenya aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka tisa, na wengi walianza hivyo, hiyo ilikuwa njia ya adabu ya kumwambia umechelewa. Ghafla swali halikuwa tena una kasi gani. Likawa ulizaliwa lini.

Swali hilohilo liliwapata majirani zetu. Waganda si wageni Muhuru; tunagombania Migingo nao, kile kisiwa cha mabati, na tunauziana samaki siku hiyohiyo. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda kule Poland, ikafuzu kwenda Marekani kwenye fainali za dunia za besiboli ya watoto. Ingekuwa ya kwanza kutoka Afrika. Viza zikakataliwa, kwa sababu tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi hazikulingana. Ukijua jinsi cheti cha kuzaliwa kinavyopatikana katika kijiji cha Afrika Mashariki, miaka kadhaa baada ya mtoto mwenyewe, hutashangaa. Wapo waliotaka kudanganya, sikatai. Na wapo ambao mama zao wanakumbuka msimu na hawakumbuki tarehe. Afisa wa ubalozi hana namna ya kuwatenganisha. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakafika, karatasi zao zikiwa sawa, wakaifunga timu ya Oregon 3–2.

Halafu simu ikaja. Dennis Kasumba, kijana Mganda aliyelelewa katika umaskini, alianza kuonekana mitandaoni akifanya mazoezi ya udakaji kwa matairi ya gari na vifaa vya kujitengenezea, kwenye uwanja wa udongo. Mamilioni wakamtazama. Viza haikuja kwa urahisi, lakini mwaka 2023 alikuwa Maryland, akivalia jezi ya Frederick Keys katika ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa. Mwaka mmoja kabla, Waganda wawili, Umar Male na Ben Serunkuma, walikuwa wametia saini na Dodgers. Ndiyo, timu ya Robinson, iliyohamia Los Angeles mwaka 1958.

Watu husema simu imemaliza habari ya barua. Mimi naona simu ni barua yenye picha tu. Kasumba alikuwa na kocha. Alikuwa na mtu wa kushika kamera, na kabla ya hao kulikuwa na miaka ya Waganda kujenga ligi mahali ambapo hakuna aliyewaomba. Video ya kijana wa Muhuru akirusha jiwe ingepata vicheko na mioyo miwili mitatu, kisha ingezama.

Turudi Durham. Mji huohuo wa Ouko na Sang una Chuo Kikuu cha Duke, na mwaka 2010 shule ya bweni ya wasichana iitwayo WISER ilifungua milango Muhuru Bay, kutokana na ushirikiano wa mhadhiri wa Duke, Sherryl Broverman, na Rose Odhiambo wa Chuo Kikuu cha Egerton. Wahadhiri wawili waliojuana, ndivyo Durham ilivyofika kwenye ufuo huu. Leo msichana wa Muhuru anayefanya vizuri kwenye mtihani ana mtu wa kumwambia fomu ipi inajazwa na lini. Kaka yake mwenye mkono hana. Sisemi shule ijengwe ya besiboli, Mungu wangu. Nasema tu mnyororo ukiwepo unaonekana, na usipokuwepo watu husema kipaji hakipo.

Siku ya tatu nilimrekodi yule kijana kwa simu yangu. Tulichora duara kwa mkaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, nikapima hatua ishirini na tano, na kati ya mawe kumi alipiga duara mara saba. Mama yake alikuja kutazama, kanga imefungwa kiunoni, mikono ina magamba.

"Nyathina, hiyo video unampelekea nani?"

Nikamwambia sijui bado, lakini yeyote nitakayempelekea atauliza umri. Kijana akasema kumi na sita. Mama akasema kumi na saba, alizaliwa mvua ndefu, kabla baba yake hajanunua injini. Kadi ya kliniki ilikuwepo, ililowa ndani ya nyumba mwaka ule ziwa lilipofurika, na shuleni waliandika mwaka waliouona unafaa.

"Cheti ni mpaka Migori," akasema, "na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni omena wa siku nzima." Akahesabu siku kwa vidole. Alhamisi hawezi, kuna soko. Labda Jumanne, kama mwezi hautakuwa mkubwa usiku na mashua zikatoka.