Vinanda Vijipigavyo na Filamu: Habari za Ballet Mécanique

Mwaka 1924 kazi mbili zilitungwa mjini Paris kwa jina moja, Ballet Mécanique: filamu ya Fernand Léger, mchoraji Mfaransa, na Dudley Murphy, Mmarekani; na muziki wa George Antheil, naye Mmarekani. Zilikusudiwa ziende pamoja. Lakini filamu ilipoonyeshwa kwanza mjini Vienna mwaka ule ule, haikuwa na muziki huo. Na muziki ulipopigwa hadharani mjini Paris mwaka 1926, haukuwa na filamu.

Sababu itajwayo mara nyingi ni urefu, kwa kuwa muziki ulichukua yapata nusu saa, na filamu karibu nusu ya muda huo. Jambo hilo ni kweli, walakini halitoshi, maana muziki mrefu huweza kupunguzwa. Kizuizi kikubwa zaidi kilikuwa ukosefu wa kipimo kimoja cha wakati.

Antheil alitaka pianola 16, yaani vinanda vijipigavyo vyenyewe. Katika kinanda hicho karatasi yenye matundu hupita juu ya bamba. Kila tundu lipitapo, hewa huvutwa, na nyundo hupiga nyuzi. Kadiri karatasi inavyojizonga juu ya kigogo chake, ndivyo kigogo kinavyonenepa na mwendo wa karatasi kuzidi. Kwa hiyo hata vinanda viwili vilivyoanzishwa pamoja huachana baada ya kitambo, sembuse 16. Filamu nayo haikuwa na mwendo mmoja, kwa kuwa sinema za siku zile zilionyeshwa pengine upesi, pengine polepole, kama apendavyo mwonyeshaji. Muziki ulipopigwa New York mwaka 1927, katika Carnegie Hall, pianola ilikuwa moja tu, ikisaidiwa na piano 10 zilizopigwa na watu.

Hata hivyo Antheil hakuisahau karatasi yenye matundu. Mwaka 1942 yeye na mwigizaji Hedy Lamarr walipewa hataza ya Marekani kwa njia ya kuongoza topido kwa redio pasipo adui kuvuruga. Karatasi mbili, moja kwa mpelekaji na moja ndani ya topido, zilibadili mawimbi kwa pamoja. Na mawimbi hayo yalikuwa 88, idadi ya vibonyezo vya piano. Hapa pia kila kitu kilitegemea mwendo mmoja.

Ufumbuzi ulikuja na kompyuta. Tarehe 18 Novemba 1999, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Lowell, Paul Lehrman aliviwezesha vinanda 16 vya Yamaha vipigwe kwa amri ya saa moja. Mwaka 2000 akaunganisha muziki na filamu. Vinanda vya aina hiyo navyo vina ugumu wao: nyundo ya sauti ndogo hufika kwenye uzi baadaye kuliko ya sauti kubwa. Hivyo kinanda huweza kuchelewesha kila sauti kwa nusu sekunde, ili zote zitoke kwa wakati wake; na picha ikiwapo, haina budi kungojeshwa muda uo huo.

Léger alifariki mwaka 1955, Antheil 1959, Murphy 1968. Hakuna hata mmoja wao aliyevisikia vinanda 16. Ustadi haukuwapungukia; mashine zao zilikuwa kila moja na saa yake.