Buganda na Kiswahili: Kutoka Ikulu ya Mutesa hadi Kilima cha Nakasero

Mwanafunzi wa Kiswahili mjini Kampala huulizwa swali moja mara kwa mara: mbona Waganda hawaipendi lugha hii? Wengi hujibu kwamba Waganda wanajivunia mno Kiluganda. Insha hii inaonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Buganda, ufalme mkubwa wa kusini mwa Uganda, ilikikaribisha Kiswahili kabla ya Kiingereza. Kilichokuja kukataliwa baadaye ni utawala uliobebwa na lugha hiyo.

Buganda iko kaskazini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, ambalo wenyewe huliita Nalubaale. Mfalme wake ni Kabaka, lakini nguzo ya jamii ni koo, ambazo leo huhesabiwa kuwa zaidi ya 50. Kila ukoo una mwiko wake, kwa mfano simba au uyoga, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Tofauti na wananchi wengine, ambao hufuata ukoo wa baba, Kabaka huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Kwa hiyo hakuna ukoo mmoja uliomiliki kiti cha enzi, na kila ukoo ungeweza kutumaini kuzaa mfalme. Koo pia ziligawana kazi. Ukoo wa Ngonge, yaani fisimaji, ndio hasa wenye ufundi wa olubugo, nguo inayotengenezwa kwa kugonga gome la mti wa mutuba. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi huo kuwa urithi wa binadamu.

Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika Buganda miaka ya 1840, wakati wa Kabaka Suuna II. Walileta nguo, bunduki na dini ya Kiislamu, wakaondoka na pembe za ndovu na watumwa. Mutesa I, aliyetawala kuanzia 1856 hadi 1884, alijifunza Kiarabu na Kiswahili. Stanley alipofika mwaka 1875, alimwachia Mutesa kijana aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar, Dallington Maftaa, ili amsomee Biblia. Wakristo wa kwanza wa Buganda walisoma maandiko ya Kiswahili kabla ya kupata ya Kiluganda. Alama za enzi hiyo zingali midomoni mwa watu: ekitabo, essaawa, emmeeza, ssabbuuni, ssukaali. Mama anayeuza bidhaa katika soko la Nakasero huyatamka maneno hayo kila siku, wala hayaoni kuwa ya kigeni.

Basi nini kilibadilika? Jibu la kwanza ni ardhi. Kwa Mkataba wa Buganda wa 1900, Kabaka, jamaa yake na machifu walipata ardhi ya mailo, na Waingereza wakachukua sehemu kubwa iliyobaki. Hata hivyo, Waganda walibaki na kitu ambacho Waafrika wa Kenya walikuwa wakinyang'anywa na walowezi. Gavana Gowers alipopendekeza Kiswahili kienezwe nchini mwaka 1927, Waingereza walikuwa pia wakijadili kuunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika. Waganda waliyaona mambo hayo mawili kuwa kitu kimoja: lugha ingetangulia, walowezi wangefuata. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kupinga Kiswahili kuchukua nafasi ya Kiluganda. Hofu ya shirikisho ilirudi mwaka 1953, na mgogoro uliofuata ulimfanya Gavana Cohen ampeleke Mutesa II uhamishoni Uingereza hadi 1955.

Jibu la pili ni bunduki. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za ukoloni. Mei 1966 wanajeshi wa Obote, wakiongozwa na Idi Amin, walishambulia ikulu ya Mengo. Mutesa II akakimbia, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Mwaka 1973 Amin, sasa akiwa rais, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwa amri. Wakati huohuo, juu ya kilima cha Nakasero, kikosi chake cha upelelezi kilichojiita ofisi ya utafiti ya taifa kilikuwa kikitesa na kuua watu. Raia aliyesimamishwa kizuizini aliamrishwa kwa Kiswahili. Kwa familia nyingi, hicho ndicho Kiswahili walichokijua.

Ufalme ulirudishwa mwaka 1993 kwa kutawazwa kwa Kabaka Mutebi II. Mwaka 2005 katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sisi tunaosomea lugha hii leo ndio tutakaosimama mbele ya madarasa hayo. Tukiingia na amri peke yake, mzee wa Kiganda atasikia sauti ya kizuizini. Lakini tukianza na ekitabo na essaawa, na habari za Mutesa aliyejifunza Kiswahili kwa hiari yake, mtoto ataelewa kwamba lugha hii ilishaingia nyumbani kwao zamani, na iliingia bila bunduki kuelekezwa kwa mtu. Kiluganda hakikufa wakati ule kwa kukaa na Kiswahili, kiliongeza maneno. Hiyo ndiyo hoja ambayo amri ya 1973 haikuwahi kuwa nayo.