Boma la Mpala, nyumba ya mtu aliyekusanya vichwa vya machifu

Ukitoka Kalemie kwa mtumbwi wa mota na kufuata pwani ya ziwa upande wa kusini, kabla ya kufika Moba utapita mahali ambapo mto Lufuko unaingia ziwani. Hapo ndipo Mpala. Watu wengi wanapajua kwa sababu ya misheni yake ya zamani. Lakini kabla ya misheni palikuwa na boma, na ndani ya boma hilo aliishi mzungu ambaye wenyeji walimwita Bwana Boma. Jina lake lilikuwa Émile Storms, ofisa wa jeshi la Ubelgiji. Katika nyumba hiyo ilitoka amri ya kuua, na katika nyumba hiyo hiyo kililetwa kichwa cha aliyeuawa.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu mji wetu umejaa familia zilizoacha nyumba nyuma yao. Kuna waliotoka Nyunzu, waliotoka Manono, waliotoka upande wa Fizi na Uvira. Wengi wanajua kijiji ambamo watu waliuawa, na wanajua nani alikuwa anakaa nyumba gani. Siku moja watarudi na kuikuta nyumba hiyo ikiwa imesimama. Watawaambia nini watoto? Mpala imekaa na swali hilo zaidi ya miaka 130.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1876 mfalme Leopold II aliwaita Brussels wasafiri na wataalamu wa jiografia. Hapo ikazaliwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Kwa maneno, kazi yake ilikuwa kuleta elimu na kukomesha biashara ya watumwa. Kwa vitendo, ilimfungulia mfalme njia ya kupata nchi. Mwaka 1879 watu wake walijenga kituo Karema, ng'ambo ya ziwa, upande ambao leo ni Tanzania. Storms alikishika kituo hicho mwaka 1882. Mwaka 1883 akavuka ziwa, akachanjana damu na chifu Mpala kuwa ndugu, akapata mahali pa kujenga boma lake.

Wakati ule pwani yetu haikuwa na amani. Misafara ilivuka kutoka Ujiji kutafuta pembe za tembo na watu wa kuuza. Chifu aliyepata bunduki aliwashinda wenzake. Mmoja wao alikuwa Lusinga, chifu wa Watabwa, aliyekaa huko milimani. Tusimfanye malaika. Lusinga alivamia vijiji, akakamata watu na kuwauza. Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland aliyefika kwake mwaka 1879, alimweleza kama mtu wa damu. Watu waliokamatwa na Lusinga nao walikuwa na mama zao waliobaki wakilia.

Lakini ugomvi wa Storms na Lusinga haukuwa juu ya watumwa tu. Kila mmoja alitaka kuwa mkubwa wa pwani ile, yule ambaye machifu wadogo wanamtii na wanampelekea zawadi. Wakubwa wawili hawakai juu ya kiti kimoja. Kabla ya kumshambulia, Storms alikuwa ameshaandika katika daftari lake kwamba kichwa cha Lusinga kinaweza siku moja kufika Brussels kikiwa na kibandiko.

Tarehe 4 Desemba 1884 jambo hilo likatimia. Storms mwenyewe alibaki bomani. Aliwatuma askari wake, rugaruga wenye bunduki, nao wakaingia kwa Lusinga kama watu wa msafara wa biashara. Lusinga alipigwa risasi, kisha akakatwa kichwa. Watu wengi waliuawa pamoja naye, wengine wakachukuliwa mateka. Askari wakashuka mlimani na kile kichwa, wakampelekea Bwana Boma.

Hapo kuna neno ambalo walioonja vita wataelewa haraka. Waliofyatua bunduki walikuwa Waafrika kama Lusinga. Mwenye amri alikuwa ameketi nyumbani, mbali na damu. Ukiuliza nani aliua, mmoja atataja mkono ulioshika kisu, mwingine atataja mdomo uliotuma. Haki inahitaji majina yote mawili.

Lusinga hakuwa peke yake. Mafuvu ya machifu watatu waliouawa katika vita vya Storms yalisafiri mpaka Ubelgiji: la Lusinga, la Mpampa na la Maribu. Mwaka 1886 daktari Émile Houzé aliyapima na kuyaeleza mbele ya chama cha wataalamu huko Brussels, kama mtu anayepima vitu vya sokoni. Pamoja na mafuvu ilikwenda sanamu ya mti iliyochukuliwa kwa Lusinga, sanamu ya heshima ya wazee wake. Storms akaiweka nyumbani kwake Brussels, pamoja na mikuki na vitu vingine alivyobeba kutoka huku.

Kwa hiyo nyumba za Storms ni mbili. Ya kwanza ni boma la Mpala. Ya pili ni ile ya Brussels, alikokaa na vitu vya marehemu, akapanda cheo mpaka kuwa jenerali, akafa mwaka 1918. Katika miaka ya 1930 mjane wake alivitoa vitu hivyo kwa makumbusho ya Tervuren. Sanamu ya Lusinga ingali huko. Mafuvu yalihamishwa mwaka 1964 kwenda taasisi ya elimu ya viumbe ya Brussels.

Na boma? Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin kumkubalia Leopold nchi ya Kongo, Storms aliitwa arudi kwao. Mpala na Karema zikapewa Mapadri Weupe. Boma likawa misheni. Mahali palipopokea kichwa cha mtu pakaanza kupokea watoto wa shule na wagonjwa. Hatuna sababu ya kukidharau kizazi kilichosali na kusoma pale. Lakini sala ikifunika jambo bila kulitaja, jambo hilo halijaisha.

Angalia maneno tuliyorithi. Mmoja tuliambiwa ni muuaji na mwuza watu. Mwingine aliitwa jenerali, akasimamishiwa sanamu ya shaba katika bustani ya Brussels. Sisemi tugeuze, Lusinga awe shujaa na Storms awe shetani. Nasema tuwapime kwa kipimo kimoja. Aliyeuza watoto wa wenzake alitenda ubaya. Aliyetuma watu wakaue, kisha akaweka vichwa sandukuni, alitenda ubaya.

Mambo yameanza kusogea. Tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji ililirudisha jino la Patrice Lumumba kwa familia yake. Mwezi huo huo sanamu ya Storms iliondolewa pale bustanini. Mwezi wa Julai 2022 Ubelgiji ikatunga sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, lakini sheria hiyo haikugusa mabaki ya binadamu. Yaani sanamu ya mti ina njia ya kurudi kuliko kichwa cha mtu. Kwa mila zetu hilo ni kinyume kabisa. Mtu huzikwa kwanza, vitu vyake hufuata.

Wazee wa Moba na wakubwa wa jimbo wanaweza kuomba mambo mawili bila kugombana na mtu: mifupa irudi izikwe, na pale Mpala liwekwe jiwe lenye tarehe 4 Desemba 1884 na majina ya walioamuru na waliokufa. Nyumba isibomolewe. Ikibomolewa, mtoto atauliza nini?

Nanyi, baba na mama mlio kambini, msingoje miaka 130. Habari za kijiji cha Lusinga tunazipata leo katika daftari la aliyemuua, kwa sababu alikuwa na kalamu. Mnunulieni mtoto wenu daftari la shule. Aandike jina la kijiji, jina la kila aliyekufa, siku na mwezi, nyumba ilikuwa upande gani wa njia. Aandike pia aliyewaficha na aliyewapa maji. Siku ya kurudi, au siku ya kusimama mbele ya hakimu, daftari hilo litasema kwa sauti yenu.