Udhibiti wa njiwa wa mjini bila kuwaua

Njiwa wa mjini ni wazao wa njiwa wa kufugwa waliotoroka mabandani na kuzoea maisha huru. Asili yao ni njiwa wa majabali (Columba livia), ndege wa mapango na magenge, na ndiyo maana kingo za maghorofa, madaraja na paa za stesheni huwafaa. Penye chakula tele huzaa karibu mwaka mzima: jike hutaga mayai mawili, wazazi huyaatamia kwa zamu kwa siku 18 hivi, na mara nyingi mayai mengine huwa yametagwa kabla makinda hayajaruka. Kinyesi chao huchafua majengo na kula mawe ya chokaa, na hapo ndipo malalamiko huanza.

Kwa muda mrefu jibu la miji mingi ya Ulaya lilikuwa bunduki, mitego na sumu. Udhaifu wa jibu hilo ulionekana wazi Basel, Uswisi. Kati ya 1961 na 1985 waliuawa huko njiwa wapatao 100,000, lakini idadi ya waliobaki haikutikisika. Iliendelea kuwa karibu 20,000. Waliokuwa wakiua hawakuwa wazembe. Kundi likisongamana, makinda wengi hufa kwa njaa na maradhi. Wakubwa wakiondolewa, makinda ambao wangekufa hupona, na wageni kutoka jirani huchukua viota vilivyoachwa wazi. Kinachoamua idadi ya njiwa ni chakula, na chakula kingi kilitoka mikononi mwa watu waliowapenda.

Mwanabiolojia Daniel Haag-Wackernagel wa Chuo Kikuu cha Basel aliuelekeza mradi ulioanza 1988 kwa watu hao. Vipeperushi na mabango viliwaeleza wakazi kwamba mkate wanaoutupa ndio unaozalisha makinda wagonjwa na viota vilivyojaa kupe. Wakati huohuo yalifunguliwa mabanda rasmi ambamo mayai yaliondolewa. Katika miezi 50 makundi yaliyohesabiwa yalipungua kwa nusu hivi. Mabanda yalichangia kidogo tu. Kazi kubwa ilifanywa na upungufu wa chakula.

Hata hivyo ni mabanda yaliyopata umaarufu, pengine kwa sababu ni rahisi kujenga banda kuliko kumshawishi bibi mwenye mfuko wa punje. Augsburg, Ujerumani, imeyatumia tangu miaka ya 1990. Njiwa hulishwa ndani, hivyo hushinda humo na kinyesi kingi hubaki humo. Wahudumu huchukua mayai na kuweka ya bandia. Yai likiondolewa bila mbadala, jike hutaga tena upesi, lakini la bandia humweka kiotani akiatamia bure. Paris ilianza kutumia mabanda ya aina hiyo 2003. Huko mayai hutikiswa ili yasianguliwe. Njia hii huhitaji mhudumu wa kudumu, na haiwagusi njiwa wanaotaga kwenye dari na mapaa yasiyofikika.

Njia nyingine ni nikarbazini, dawa ya kuku ya kuzuia ugonjwa wa koksidiosisi, ambayo hudhoofisha utando unaotenga kiini na ute, yai likawa halianguliki. Barcelona imekuwa ikiitoa pamoja na mahindi, kwa mashine, tangu 2017. Njiwa lazima waile mara kwa mara. Ikikatizwa, uzazi hurudi.

Miji mingine ililenga chakula: London ilipiga marufuku kuwalisha njiwa katika uwanja wa Trafalgar 2003, na Venice ikawaondoa wauza punje katika uwanja wa Mtakatifu Marko 2008. Miiba na nyavu za kwenye kingo hulinda jengo moja tu. Njiwa huhamia la pili.

Ushahidi wa Basel haujawashawishi wote. Limburg an der Lahn, Ujerumani, baraza la mji liliamua 2023 kwamba njiwa wapigwe kichwani kisha wavunjwe shingo. Wapinzani walikusanya saini na kulazimisha kura ya maoni. Juni 2024 wapiga kura waliunga mkono uamuzi wa baraza.