Weupe wa Theluji na Upeo wa Mwanga katika Picha za Mandhari

Upigaji picha wa mandhari ya majira ya baridi umekabiliwa tangu mwanzo na ugumu mmoja, kwa kuwa theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoiangukia, ilhali misonobari na miamba iliyo katikati yake hurudisha kidogo sana, na chombo cha kunasia picha, kiwe kioo, filamu au kihisi cha kidijitali, hushindwa kuvipokea vyote viwili kwa pamoja kama jicho linavyovipokea. Tofauti kati ya giza na weupe ambayo chombo kinaweza kuimudu bila kupoteza maelezo ndiyo iitwayo upeo wa mwanga, na mbinu ya kuupanua kwa kuunganisha picha kadhaa za mandhari ileile, ijulikanayo leo kwa herufi HDR, hudhaniwa mara nyingi kuwa zao la kompyuta, ingawa mizizi yake iko katika karne ya 19.

Wapiga picha wa Ufaransa wa miaka ya 1850 walitumia kolodioni, yaani utando wenye chumvi za fedha uliopakwa juu ya kioo, ambao uliathiriwa mno na mwanga wa buluu hata muda uliotosha kuionyesha ardhi uliiacha anga ikiwa tupu. Gustave Le Gray, katika picha zake za bahari, alitumia negativu mbili, moja ya anga na nyingine ya maji, akazichapa kwenye karatasi moja, na mawingu yaleyale huonekana katika picha zake zaidi ya moja. Bahari, hata hivyo, ilimrahisishia kazi, kwa sababu mpaka wake na anga ni mstari ulionyooka. Mlima wa theluji uliozungukwa na miti iliyochongoka haukubali kuungwa kwa namna hiyo.

Suluhisho lililofaa milima lilitoka California. Tarehe 10 Aprili 1927, Ansel Adams alipanda kwenye theluji ya Yosemite akiwa na kamera nzito ya vioo ili kupiga picha ya mwamba wa Half Dome, na baada ya kutumia kichujio cha manjano, aliona kwamba picha ingetoka hafifu kuliko alivyoikusudia, akaweka kichujio chekundu kwenye kioo cha mwisho alichobaki nacho. Kichujio hicho huzuia mwanga wa buluu, kwa hiyo anga ilikaribia kuwa nyeusi, na vivuli vilivyo juu ya theluji, ambavyo huangazwa na anga peke yake, vikatiwa giza pia, hata mikunjo ya theluji ikajitokeza. Miaka kumi na kitu baadaye, Adams na Fred Archer, wakifundisha Los Angeles, waliunda mfumo wa kanda, unaogawa mwanga wa mandhari katika ngazi, kila moja ikiwa na mwanga maradufu ya ile iliyo chini yake. Mpiga picha aliamua kwanza vivuli viangukie ngazi ipi, kisha akafupisha muda wa kusafisha negativu kwenye dawa ili weupe usifurike. Mfumo huo ulirekebisha pia kasoro ya kipima mwanga, chombo kinachochukulia kila kitu kuwa cha kijivu cha wastani, na ambacho kikielekezwa kwenye theluji huagiza mwanga mdogo mno, nayo theluji ikatoka kama majivu.

Upanuzi uliofuata ulitoka mbali na sanaa. Nchini Marekani Charles Wyckoff alibuni filamu yenye tabaka tatu za wepesi tofauti ili kunasa milipuko ya nyuklia, na mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walionyesha jinsi ya kukokotoa mwanga halisi kutokana na picha za muda tofauti. Mfano wao mmoja ulitumia picha 16 za ndani ya kanisa, kuanzia sekunde 30 hadi sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kanisa halitikisiki, lakini theluji inayoanguka haiko mahali pamoja katika picha mbili, na matawi huyumba kwa upepo, kwa hiyo muungano huzaa vivuli pacha ambavyo programu hulazimika kuvifuta.

Mwanga uliokokotolewa hivyo huzidi uwezo wa karatasi na kioo cha kompyuta, na ni lazima ubanwe. Mwaka 2002 Erik Reinhard na wenzake walitoa kanuni ya kuubana iliyojengwa waziwazi juu ya mfumo wa Adams, na hapo ndipo kasoro ya zamani ilipojirudia, kwani kanuni hiyo huanza kwa kudhani kwamba wastani wa mandhari ni kijivu cha 0.18. Mandhari yenye weupe mwingi humtaka mtumiaji aipandishe namba hiyo hadi 0.36 au 0.72 kwa mkono wake. Wengi waliopokea programu za HDR katika miaka iliyofuata walikazia zaidi kitufe cha kuchomoza maelezo, ambacho hulinganisha kila sehemu na jirani yake, na katika picha zao theluji ilirudi kuwa ya kijivu, huku kila msonobari ukizungukwa na ukingo wa mwanga ambao haukuwapo mlimani.